Chumba cha Nyuma Hakina Mpangaji

Shangazi yangu mpendwa, Tatenkazi uliyenilea,

Koku ametoka chumba cha nyuma sasa hivi huku anatafuna. Nimemkamata, nikampenyeza kidole mdomoni kama tunavyowafanyia watoto wakiokota vitu, akanitemea kiganjani punje ya kahawa. Moja tu, Shangazi. Nusu ya tunda, upande wake bapa umelowa mate. Nikamuuliza, "Nani kakupa?" Akasema, "Bibi." Kisha akakimbia barazani kumfukuza bata wa jirani, na unyayoni mwake nikaona unyasi umenata, mbichi.

Chumba cha nyuma hakina nyasi. Nilikifagia kwa mikono yangu kikabaki udongo mtupu, karani wa kodi akaingia, akatazama, akaandika kwamba hakina mtu. Na mabibi ambao Koku anawajua humu ndani ni wawili. Mmoja ni wewe, ambaye anakujua kwa kuonyeshwa kaburi. Wa pili ni yule uliyeniambia nisimtoe, akatoka.

Sijaenda kutazama. Nimekaa chumba cha mbele, nimechukua kalamu ya Deo na karatasi zake za hesabu za mbolea, nakuandikia. Najua ungesema, "Huyu mtoto akiogopa anaandika." Ndivyo ulivyosema nilipokuwa darasa la nne, siku ile radi ilipopiga mti nyuma ya nyumba nami nikajificha chini ya meza na daftari. Bado niko hivyo. Nimezaa, nimejenga mafiga yangu mwenyewe, na bado niko hivyo.

Nakukumbuka hasa siku za mwisho wa mwezi. Ulikuwa unaoga mapema, unavaa kitenge kile cha kutokea, unachukua kikapu kidogo chenye mfuniko kilichojaa akamwani, kahawa ya kutafuna uliyoichemsha na majani yako na kuikausha juu ya moshi. Mkono mmoja kikapu, mkono wa pili mkongojo. Hukubisha mlango kwa ngumi kama watu wengine. Ulibisha kwa mkongojo, mara moja, ko, kisha ukangoja. Fundi baiskeli wa chumba cha kwanza akifungua anakuambia, "Karibu, mama mwenye nyumba," nawe unamjibu, "Mwenye nyumba ni mvua, maana yeye anaingia bila kuniuliza." Mnacheka. Hukutaja pango hata siku moja kabla kahawa haijatafunwa. Mtu alikula, akakueleza habari za kwao, nani kaoa, migomba ya nani imeanguka kwa upepo wa ziwani, na mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyeona haya akaingiza mkono mfukoni.

Ukimaliza vyumba vya mbele unanigeukia. "Wewe nenda bombani."

Naenda na ndoo. Nikirudi nakuta mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, wewe na Ma Paskazia mko ndani mnacheka kile kicheko chenu cha kuzuiwa na mkono mdomoni, kama wasichana waliofanya jambo kanisani. Nilijua naye analipa, kwa namna yake. Alikuwa na chumba, ulikuwa unambishia mlango mwisho wa mwezi, angekuwa nani mwingine kama si mpangaji? Alitandaza nyasi mbichi sakafuni mwake kama watu wa zamani, hata humu mjini, mtaa huu wa Bakoba, na harufu yake ilitufikia mpaka mbele. Mimi nilikulia kwenye harufu hiyo bila kuuliza.

Halafu ukaugua. Koku alikuwa tumboni bado. Ulinishika mkono ukasema nyumba ni yangu, ukawaita wazee wawili wa ukoo wasikie, kwamba nyumba hii si ya ukoo, hukurithi kwa mtu, ulijenga kwa jasho la mwili wako na unampa unayetaka. Wazee wakakohoa, wakakubali. Walipotoka ukaniambia, "Vyumba vya mbele fanya upendavyo. Yule wa nyuma usimtoe." Nikasema, ndiyo Shangazi. Nikataka kuuliza sababu, ukaomba uji. Nilipoleta uji ulikuwa umelala.

Tulikuzika Nshamba, kwenye kibanja cha kaka yako, katikati ya migomba, karibu na ile mibuni uliyoipanda mwenyewe. Serikali haikuja mazishini, na inaelekea hakuna aliyeiambia. Kila mwaka ikaendelea kukuandikia. Bahasha ya kahawia inafika, jina lako juu, ndani imeandikwa kwamba wewe, mwenye nyumba ya kupangisha hapa Bakoba, unatakiwa kulipa kodi ya nyumba, na nyingine kwamba unatakiwa kueleza mapato yako ya pango. Mimi nilikusanya pango, nikaenda nikalipa kwa jina lako. Sikuona ubaya wowote. Nikwambie kweli? Nilizipenda zile bahasha. Mtu aliyeitwa kwa jina, anayetakiwa ajibu, ni kama hajaenda mbali.

Sasa sikia yaliyotokea.

Deo, yule uliyekuwa ukimwita kijana wa mbolea, alipandishwa cheo. Bwana shamba wetu sasa ana ofisi yenye mlango. Siku alipopata habari alirudi nyumbani, wakati huo tulikuwa tunakaa Kagondo, mvua imemlowesha mpaka soksi, nikamkimbilia na kitambaa. Akakaa bila kuvua viatu.

"Mama Koku," akasema, "tuna nyumba ya kupangisha."

"Sisi? Ile ni ya Shangazi."

"Shangazi yako yuko Nshamba chini ya migomba. Nyumba ni yako. Na mtu wa cheo changu sasa anahesabiwa kiongozi, na Azimio limesema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, yeye wala mke wake. Kwa Azimio mke na mume ni mtu mmoja."

"Hata padri alisema hivyo."

"Padri hafukuzi mtu kazi."

Nilicheka peke yangu. Deo si mtu wa kucheka na Azimio, Shangazi, analiamini. Anasema haiwezekani yeye aende kuwaambia watu wa Muleba walime pamoja na kuvuna pamoja, halafu mwisho wa mwezi mke wake anazunguka na kikapu kukusanya pango. Nami nilimwelewa. Moyoni nilikuwa na matumaini makubwa, na bado ninayo, ya watoto wetu kukua mahali ambapo hakuna mtu anayelala chini ya bati la mwenzake kwa woga. Basi tukakubaliana. Hatuuzi. Tunaacha kupangisha, tunahamia wenyewe, na tunafunga kila kitu kwa sheria, tupate karatasi yenye mhuri Deo akaiweke mezani kwa mkubwa wake.

Nilidhani kuacha kupangisha ni kufunga mlango tu. Kumbe ni safari. Unawapa wapangaji taarifa ya maandishi, unawarudishia amana yao. Unakwenda halmashauri ya mji nyumba iondolewe kwenye orodha ya nyumba za kupangisha. Ankara ya maji ya mwisho. Halafu ofisi ya kodi ya mapato, unaeleza pango la miezi ya mwisho mpaka siku ya kuacha, unalipa kilichobaki, ndipo faili lifungwe. Fundi baiskeli hakusumbua, alipata chumba karibu na soko. Muuguzi wa chumba cha pili alihamishwa kazi wiki hiyohiyo, akaniachia chungu. Huko kote nilipita na Koku mgongoni, na kila mlango nilimtafuta mtu mwenye uso wa huruma.

Kwenye ofisi ya kodi alikuwa karani mmoja wa makamo, Mhaya mwenzetu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akafungua faili lako, akasoma, akasoma tena.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amefariki, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Kwa faili hili hajafariki. Kwa faili hili anapangisha."

"Amefariki kabla huyu hajazaliwa," nikageuka amwone Koku mgongoni.

Akamtazama Koku kwa muda, kama mtu anayekagua stakabadhi. "Basi marehemu wenu ni mlipaji mzuri kuliko jirani zake walio hai. Lete cheti cha kifo. Lete barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Na mimi nitakuja kutazama kila chumba. Mtu akilala kwako halafu anakuletea kitu kila mwezi, iwe pesa, kuku, ndizi, pombe, hata kikombe cha senene, huyo ni mpangaji na faili linabaki wazi. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa. Nilipotoka nje jua lilikuwa kali. Nilihisi kama nimekwenda kukuzika mara ya pili, safari hii peke yangu, bila watu wa kulia pamoja nami.

Tukahamia vyumba vya mbele, akabaki Ma Paskazia. Hatukutaka kumtoa, naapa. Tulikaa na Deo tukapanga maneno vizuri. Deo akavaa koti. Tukaenda mlangoni kwake wote wawili, nikabisha, akafungua, na Deo akasema kwa Kiswahili kile cha mkutanoni:

"Ma Paskazia, kuanzia leo wewe si mpangaji tena. Ni mgeni wetu. Kaa bure mpaka Mungu mwenyewe atakapopenda."

Nilitabasamu kwa sababu nilidhani tunampa zawadi. Yeye alitazama nyasi zake sakafuni.

"Mgeni," akasema.

"Mgeni wa heshima," Deo akaongeza.

"Haya, baba. Asante." Akafunga mlango polepole, kama anayefunika chakula kinachopoa.

Mwisho wa mwezi uliofuata, asubuhi, nilifungua mlango wa mbele nikakuta mkungu wa ndizi kizingitini. Utomvu bado unachuruzika. Hakuna mtu uani, hakuna mtu njiani. Mwezi uliofuata kuku wawili wamefungwa miguu. Halafu kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimezibwa kwa jani la mgomba, kama ulivyokuwa unapenda. Shangazi, nywele zilinisimama. Ilikuwa ni siku yako. Nilianza kusikia mkongojo ukumbini, ko, mara moja, halafu kimya cha kungoja. Nikamweleza Deo, akasema bwana shamba hana mashetani, ana wadudu tu. Lakini hata yeye aliugeuza ule mkungu mara mbili, akasema, "Huu umetoka kwenye kibanja kilichotunzwa. Si wa sokoni." Alisema kwa sauti ya chini.

Nilimwuliza Ma Paskazia kama amemwona anayeleta vitu. Alikuwa anapepeta mahindi, hakunyanyua macho. "Mimi ndiye. Ninavipata kwetu Nshamba. Ulitaka niwe mgeni wenu mikono mitupu? Na tangu lini binti aliyelelewa akamuuliza mgeni alicholeta?"

Hapo ningeelewa. Wewe ungeelewa papo hapo. Mimi nilipumua tu kwa kuwa si mzimu, nikapika ndizi zile, tukala.

Karani akaja. Na kati ya siku zote za dunia akachagua siku ileile, mkungu uko kizingitini. Akauruka kwa mguu mmoja, akavua miwani, akaifuta.

"Nani kaleta hiki?"

Deo akanitazama. Mimi nikautazama mkungu. Ma Paskazia akatoka chumbani kwake amejifunga vizuri, mgongo umenyooka. "Mimi."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Bwana shamba," karani akamgeukia Deo, "mimi baba yangu alikuwa kwenye nyarubanja. Unaijua? Analima ardhi ya mkubwa, na ukifika wakati anabeba mkungu na kibuyu anakwenda kuviweka mlangoni kwa mkubwa, anapiga magoti. Juzijuzi tu serikali imefuta mambo hayo, tukashangilia. Leo wewe, kiongozi, unaniwekea nyarubanja hapa mjini?"

"Huyu ni mgeni wetu!" Deo akasema. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mgeni gani anakuja kwa kalenda?" Akafunga faili lako likiwa wazi bado, kama naweza kusema hivyo. "Nitarudi. Nikikuta hivi tena nitaandika nilichokiona, na mkubwa wako atasoma."

Ma Paskazia alisikia yote. Kesho yake nilirudi kutoka bombani nikakuta amezitoa nyasi zote nje, amezirundika vizuri chini ya mgomba. Sanduku lake liko kichwani. Nikamwambia, "Mama, usiende, tutaongea na yule karani." Akasema, "Mume wako ni kijana mzuri. Asipoteze kazi kwa ajili ya ndizi." Akambusu Koku utosini, akashuka njia ya kituo cha basi la Muleba, kurudi kwao Nshamba. Ufunguo aliuweka kizingitini, palepale pa mkungu. Koku alilia mpaka akapata homa.

Karani alirudi, akaona chumba, akasaini. Baadaye karatasi ikaja, mhuri wa bluu umekaa sawasawa katikati. Faili la marehemu limefungwa. Hakuna mapato ya pango. Chumba cha nyuma hakina mpangaji. Deo aliisoma kwa sauti, akanikumbatia, na mimi nikamkumbatia, na kwenye bega lake nilikuwa nakusikia unavyosema: yule wa nyuma usimtoe.

Tangu hapo hakuna bahasha tena. Hakuna anayekuita. Na kwa sababu hakuna anayekuita, ukaanza kuja mwenyewe. Mwisho wa mwezi naamka nangoja ule mlio wa mkongojo. Nikipita ukumbini nageuza uso nisione ule mlango. Nilijaribu kuweka humo magunia ya Deo, nikayatoa, niliona kama nayaweka kifuani kwako. Wenzangu waliniambia nisomeshe misa. Nilisomesha. Padri alitaja jina lako vizuri, nikarudi nyumbani, na chumba kilikuwa kimya vilevile, kimya cha mtu aliyekasirika anayejifanya amelala.

Mwisho nikambeba Koku, nikapanda basi, nikaenda Nshamba.

Nilimkuta Ma Paskazia kwa mtoto wa kaka yake. Analala jikoni, Shangazi, kando ya moto na mbuzi. Alinikaribisha kwa furaha, akanipa kigoda yeye akakaa chini. Nikamwomba aniambie yeye ni nani kwako. Akashangaa kwamba sijui.

Ndipo akanieleza. Kwamba mlikwenda Kampala pamoja mkiwa wasichana, mkafua nguo za watu, mkapika pombe, na mengine ambayo alisema hayaelezwi mbele ya mtoto ingawa Koku alikuwa amelala. Kwamba mlirudi na meli moja mmekaa juu ya mabati yenu, na kutoka gatini mpaka Bakoba aliyabeba kichwani yeye, maana wewe mguu ulikuwa umeshaumia. Bati lililo juu ya chumba cha nyuma ni lake. Na kwamba siku nyumba ilipoezekwa alitaka mfanye omukago, undugu ule wa zamani wa kuchanja ngozi na kula punje ya kahawa yenye damu ya mwenzako, ukamkatalia wembe.

"Shangazi yako alisema damu tumeshamwaga ya kutosha huko tulikotoka. Akapasua tunda moja la kahawa. Punje yake, punje yangu. Tukala. Basi."

"Na pango?"

Akacheka kile kicheko cha mkono mdomoni. "Pango gani? Alikuwa ananibishia mlango ili apumzike na wapangaji. Tulikuwa tunawasengenya. Fundi baiskeli tulimaliza naye mwaka mzima."

"Kwa nini hukutuambia siku ile?"

Akachochea moto. "Mlikuja wawili, na viatu, mkasimama mlangoni kwangu mkanisomea. Nikasema labda siku hizi ndugu anasomewa. Mkaniita mgeni. Sasa mgeni afanye nini? Mgeni anabeba kitu, anakiweka mlangoni, anangoja kuambiwa karibu. Nikafanya."

Nililia, Shangazi. Alinipa majani ya mgomba nijifute, hakuwa na kitambaa.

Tulikwenda wote kaburini kwako. Kahawa yako ilikuwa imezaa, na watoto walikuwa wameanika matunda yake kwenye mkeka. Nikachukua moja kavu, nikalipasua kwa meno. Punje moja nikaila palepale, nikaitafuna mpaka uchungu ukaisha. Ya pili nikampa. Akaitazama muda mrefu kiganjani.

"Mimi ni mzee," akasema. "Nikiila mimi, undugu huu utafika wapi? Kaburini, kwa huyu ambaye tayari ni ndugu yangu." Hakuila. Akaifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Rudi nyumbani, mama."

"Nitaona. Lakini nikija, siji kwa mlango wa mbele. Wala sibishi hodi."

Nilirudi peke yangu. Deo, nilipomweleza, alivua miwani ile mipya ya cheo akajishika kichwa. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa yule karani, akamwuliza kama ndugu anayekaa ndani ya nyumba anafungua faili. Karani akasema ndugu halipi pango na serikali haina habari naye. "Na akileta mkungu?" Deo akauliza. Karani akamcheka. "Apite nao jikoni, aumenye, auweke chunguni, ale nao. Chakula cha nyumbani hakijawahi kutozwa kodi. Ila asiuweke kizingitini, bwana, utaniua kwa moyo."

Hayo yalipita wiki nyingi nyuma. Yeye hakuja. Kila basi la Muleba lililopiga honi nilitoka barazani.

Sasa unajua kwa nini siinuki. Punje hii niliyoishika inaweza kuwa ile ya pindo la nguo, aliyomwekea mtoto. Inaweza pia kuwa punje ya zamani tu, iliyodondoka kwenye ufa wa sakafu siku mlipokuwa mnawasengenya wapangaji, Koku akaikwangua. Kama ni hiyo, basi nitaenda kule nikute udongo mtupu, na nitabaki yule aliyemtoa dada yako kwa maneno ya adabu. Au ni wewe. Kama ni wewe uliyempa, Shangazi, nakuomba, usianze na mtoto. Anza na mimi. Nibishie, nitafungua.

Lakini unyasi. Naurudia ule unyasi mbichi. Mtoto hawezi kuukwangua kwenye ufa.

Na sasa kuna moshi, unatoka upande wa jikoni, na mimi sijawasha moto tangu asubuhi.

Nakuaga basi. Pumzika. Faili lako limefungwa na mhuri umekauka, hakuna mtu wa serikali atakayekuamsha tena, na mimi nitajaribu nisikuamshe. Usipoona bahasha usidhani tumekusahau. Koku anakua, ana kichwa kigumu kama chako, anafukuza bata wasio wake. Ni mimi, binti wa kaka yako, mwanao wa kulea, na hapa nilitaka kuandika jina—

Naitwa, Shangazi. Sauti haikubisha wala haikupiga hodi, imetokea nyuma, kwa mlango wa kibanjani. "Mama Koku! Kisu hiki hakijanolewa tangu niondoke? Njoo tumenye ndizi, mtoto ana njaa na wewe umekaa tu!" Nimejibu nakuja, na miguu imeshasimama, ni mkono tu unaomalizia, kwa sababu nataka ujue kwamba chumba cha nyuma hakina mpangaji, kina ndugu—